Madonge Kumi na Mawili ya Nta

Anayesema Mwantum ni mchawi aje aniambie mimi usoni. Mimi ni Stara, mshonaji wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Nyumba yangu na yake zinagawana ukuta mmoja, na kwa miaka ishirini na saba nimemsikia akikohoa, akicheka, akigombana na kuku. Siandiki haya ili kumpamba. Naandika kwa sababu nina hasira, na nimejaribu kuimaliza kwa mdomo nikashindwa.

Mwantum alizaliwa Kolo, huko kwenye vilima vya Kondoa, Mrangi kwa baba na kwa mama. Mama yake alikuwa na mizinga ya nyuki. Aliolewa Dodoma mjini na Masudi, mpiga kinanda wa bendi ya harusi. Ukoo wa Masudi ni watu wa mjini tangu enzi, mababu zao waliingia na misafara ya biashara, nao hawaachi kukukumbusha hata kama umekuja kuazima chumvi. Siku ya harusi Athuman, mdogo wake Masudi, alisema mbele ya wageni kwamba kaka yake kamteremsha bibi harusi kutoka mlimani pamoja na mbuzi. Watu walicheka. Mwantum hakucheka, na hakusahau.

Masudi alikuwa na kinanda kimoja tu maisha yake yote. Alikipata miaka ya themanini kwa mhandisi mgeni wa barabara aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Usikifananishe na kibodi za plastiki za siku hizi zenye midundo mia tatu iliyokwisha kupikwa. Kile kilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni sauti ya fidla: ukibonyeza vidole vitatu unasikia kama kundi zima la wapiga fidla wamekaa nyuma ya pazia. Ya pili ndiyo mafundi wanaiita vokoda. Unachomeka kipaza sauti, unasema neno, na kinanda kinalitamka neno lako kwa sauti ya noti unayoibonyeza. Ukinyamaza nacho kinanyamaza, hata ubonyeze mpaka vidole viume. Harusini Masudi alikuwa anasema majina ya maharusi, na kinanda kinayaimba kama kwaya ya watu wa chuma. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mitandio ikadondoka.

Ila kinanda kile kilikuwa na ugonjwa. Ndani yake kuna visauti kumi na viwili, kila noti na chake, na kila kimoja kinapangwa kwa skrubu ndogo. Kimoja kikihama, noti ile inaharibika kuanzia upande mzito mpaka upande mwembamba. Na Dodoma unaijua. Asubuhi ya Julai unavaa koti, saa nane mchana bati linalia kwa joto. Halafu bendi ipande nyuma ya pikapu kwenda Kondoa, enzi hizo barabara ni mashimo na vumbi, skrubu zinajizungusha zenyewe kwa mtikisiko. Wakifika ukumbini kinanda kinalia kama mbuzi wa mnadani.

Aliyekitibu ni Mwantum. Mwanzo alikuwa anamshikia mume wake tochi. Masudi alikuwa na vidole vizuri lakini hakuwa na subira. Akikosa mara mbili anatupa bisibisi na kwenda kunywa kahawa. Siku moja aliporudi kutoka kwenye kahawa akakuta kinanda kimepangwa chote. Tangu siku hiyo hakushika tena bisibisi. Mwantum alikuwa na kile chuma cha pembe mbili ambacho ukikigonga kinatoa noti moja isiyobadilika. Kwa noti hiyo moja alizitafuta nyingine zote. Alibonyeza mbili kwa pamoja akasikiliza. Zikiwa hazijapatana zinatetemeka, naye anahesabu mtetemeko kwa midomo, polepole, kama anayevuta tasbihi. Akiridhika anaidondoshea skrubu nta ya moto ili isihame tena. Nta ilitoka kwenye mizinga ya mama yake. Kabla haijaganda anazamisha ndani yake kipande cha uzi, kila noti na rangi yake, ili akifungua kinanda mwakani ajue ipi ni ipi, na ipi ameifunga upya. Nyekundu ilikuwa ya ile noti korofi inayohama kila msimu.

Nyuzi nilimpa mimi. Alikuwa anakuja mezani kwangu, anachambua vipande sakafuni, anasema, "Stara, huu wa njano unautupa?" Namwambia achukue. Hili likumbukwe, nitalirudia.

Kwa kinanda kile akajifunza kulehemu, na kwa kulehemu akawa anatengeneza redio, blenda na pasi za mtaa mzima. Shamila, binti yao, amesoma uuguzi kwa blenda hizo. Na Masudi? Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini jukwaani sikumsikia hata siku moja akimtaja mke wake. Mtangazaji aliwahi kumuuliza kinanda kikongwe hivyo kinatengenezwa na nani. Akajibu, "Ni kudra za Mungu tu." Tulikuwa tunasikiliza wote, mimi na Mwantum, redio ikiwa juu ya cherehani yangu. Mwantum akacheka. Mimi nilitaka kuivunja redio.

Masudi alifariki mwaka huu mwezi wa tano, kwa presha. Mwantum akaingia eda, miezi minne na siku kumi, gauni jeupe, hatoki nje ya ua. Kila mtu anajua mjane wa eda hatoki. Athuman naye alilijua hilo vizuri sana.

Siku ya ishirini alikuja na pikapu, Shamila akiwa kazini. Nilisikia yote kupitia ukutani.

"Shemeji, nakuja kuchukua kinanda cha marehemu. Kuna tamasha la kumkumbuka kaka. Nakwenda kukisafisha."

"Kisafishe kwa nje, shemeji," Mwantum akasema. "Ndani kisifunguliwe."

"Kwa nini kisifunguliwe?"

"Kimepangwa. Ukikigusa ndani utakiharibu."

"Hayo ni mambo ya wanaume, shemeji. Wewe kaa eda yako."

Akakibeba. Chumbani kwa mjane aliingia na vijana wawili na viatu vyao vya vumbi, na hakuna mzee hata mmoja wa ukoo aliyesema lolote. Mwantum alisimama mlangoni mpaka pikapu ilipopotea, kisha akarudi ndani, maana zaidi ya mlango hakuwa na ruhusa.

Athuman alikipeleka Kizota, kwenye gereji ya magari, eti kipulizwe vumbi kwa upepo wa kompresa. Fundi wa pale anaitwa Mazengo. Walipofungua kifuniko wakayaona: madonge kumi na mawili ya nta yamejipanga mstari mmoja, kila moja na kiuzi chake kimechomoza. Mazengo ni fundi wa injini lakini ana akili. Alimwambia, "Mzee, sisi hapa tukishakaza nati tunaitia rangi tujue haijaguswa. Naona hii ni hivyo hivyo." Alimwambia! Athuman hawezi kusema hakuambiwa. Lakini mwenye chuki akishapata alichokuwa anakitafuta hasikilizi. Nta, nyuzi za rangi, na mwanamke wa mlimani. Kwake hesabu ilikamilika palepale. Akachukua kisu akayang'oa madonge yote kumi na mawili. Ncha ya kisu ikizungusha skrubu huku na huku, wala hakujali. Akakifukizia udi kinanda, akafunga nta kwenye karatasi.

Siku ya arobaini tulisoma khitma uani kwa Mwantum. Wanaume nje, sisi ndani. Baada ya dua Athuman akaomba sinia. Akamwaga juu yake madonge yale, akalizungusha kwa wazee mmoja mmoja.

"Wazee wangu, mmejiuliza kaka yangu alikufa kwa nini? Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu mpaka Ipagala na kurudi? Haya nimeyakuta ndani ya kinanda chake. Kumi na mawili. Kila siku aliweka vidole vyake juu ya haya."

Mwantum akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Hizo ni alama za kazi, Athuman. Mimi ndiye nilikuwa nakipanga kinanda cha kaka yako."

"Kazi gani inataka nyuzi za rangi?"

Sinia lilipitishwa na kwa wanawake. Likafika mbele yangu. Wa njano ulikuwa wa yale mashati ya timu ya mpira niliyoshona. Wa kijani ulikuwa wa sare za shule. Wa zambarau ulikuwa wa gauni la Shamila la mahafali, mimi mwenyewe nilikata kile kipande kwa meno. Nilifungua mdomo. Nikawaza, nikisema nyuzi ni zangu, wataniuliza na mimi nilizitoa kwa kazi gani, na nina wateja, na nina mabinti wawili hawajaolewa. Nikaufunga. Nikampa jirani yangu sinia. Mwantum alikuwa ananitazama.

Athuman akamalizia kwamba eda ikiisha shemeji arudi kwao Kolo, mchawi hawezi kubaki katika nyumba ya marehemu. Nyumba ambayo matofali yake Mwantum aliyamwagilia maji kwa ndoo akiwa na mimba ya Shamila! Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui kusoma khitma.

Baada ya hapo ungedhani nyumba ile ina kipindupindu. Redio na blenda zikaacha kuja. Wengine walikuja kuchukua zile walizozileta wakizitaka hata hazijatengenezwa, wakazishika kwa leso. Shamila akipeleka sahani ya maandazi kwa majirani, sahani inarudi imejaa. Mimi nilikuwa nayala. Nilikuwa nayala nikiwa nimefunga mlango, mtu asinione. Huo ndio ulikuwa ushujaa wangu.

Tamasha lilipangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo Nikodemo, kijana mpiga kinanda aliyechaguliwa kupiga kwa heshima ya marehemu, akakiwasha kwa mazoezi. Nimesimuliwa kwamba mbwa wa jirani waliitikia. Vijana wa studio hupenda sana hivi vinanda vya zamani, wanasema kompyuta haiwezi kuiga uzito wa sauti zake, lakini uzito wenyewe siku ile ulikuwa wa kukutoa machozi. Wakaita fundi wa kwanza, akashindwa. Wa pili akasema kinanda kimekufa. Jumatano Nikodemo akakifungua mwenyewe, akaona duara la nta limebaki limezunguka kila skrubu. Akamuuliza Athuman, "Mzee, nani alikuwa anakipanga hiki?" Athuman akakohoa. Mazengo, aliyekuwa amesindikiza pikapu iliyokileta na alikuwa amekwisha kusikia habari za siku ya arobaini, ndiye aliyejibu: mjane mwenyewe.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri wakaja. Mwantum hawezi kutoka, basi kinanda kikaletwa kwake. Nilitoka haraka nikasimama getini, na nikiri nilikwenda kwa furaha, maana nilitaka kumwona Athuman akimeza mate.

"Shikamoo mama," alisema Nikodemo.

"Marahaba mwanangu. Nani amekifungua kinanda changu?"

Athuman akaanza, "Shemeji, yaliyopita si ndwele..."

"Kwako hayajapita," Mwantum akamkata. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nitakipanga. Kitapigwa Jumamosi, na Jumapili kitarudi hapa. Lakini sikipangi mpaka waliokuwepo siku ya arobaini waje wote. Wale wale. Na kukijaribu nahitaji mtu wa kusema kwenye kipaza sauti. Huyo atakuwa wewe."

Mzee mmoja wa ukoo akasema jamani, mjane wa eda na muziki wapi na wapi. Hapo nilishindwa kujizuia. "Shemeji kuingia chumbani kwa mjane na viatu mlikuwa mmelala?" nikamuuliza. Mwantum akanyoosha mkono nikae kimya. "Sipigi muziki, baba," akamwambia yule mzee. "Natengeneza nilichoharibiwa." Mzee akatazama chini, akakaa.

Watu wakaja. Maneno mabaya huita watu haraka, na safari hii hata mazuri yaliwaita. Mwantum akataka spika iwekwe dirishani ielekee mtaani. Akakaa kwenye kigoda na gauni lake jeupe, Shamila pembeni, bisibisi mkononi. Akagonga chuma cha pembe mbili gotini. Akabonyeza noti ya kwanza.

"Sema, shemeji."

"Niseme nini?"

"Sema, Mwantum si mchawi."

Athuman akawatazama wazee wake. Wazee wakatazama kuku. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni kama mtu aliyepewa dawa ya kwinini.

"Mwantum si mchawi."

Na kinanda kikaimba, kwa sauti zile za watu wa chuma, vibaya, zikitetemeka, mpaka mtaa wa pili: Mwantum si mchawi. Mwantum akainamisha kichwa, akahesabu, akazungusha skrubu unywele mmoja. "Rudia. Bado inatetemeka." Akarudia. "Tena." Mara ya nne noti ikakaa sawa, safi, imenyooka. Watoto walikwishajaa getini na wote wakaanza kuitikia.

Kwa noti ya tano akamwambia aongeze: na nyumba ni yake. Athuman akasema hilo si la kinanda. Mwantum akaweka bisibisi chini. Nikodemo akakohoa, akasema tamasha ni keshokutwa. Athuman akasema. Alisema mara tatu, jasho limelowesha kola ya kanzu, na kinanda kikamtangazia Nkuhungu yote kwamba nyumba ni ya Mwantum. Baadaye Nikodemo aliniambia kwamba upande wa fidla peke yake ungetosha kupanga noti zote, hakukuwa na haja ya mtu kusema chochote. Alilijua tangu mwanzo na akanyamaza. Kunyamaza kwake nakupenda.

Nilifurahi siku ile, sifichi. Kila Athuman aliporudia nilihisi kama ni mimi ninayemchapa. Noti ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Sauti ilikuwa imemkauka. Mwantum akapanguza bisibisi kwa upindo wa gauni.

"Imebaki moja," Athuman akasema, akajiweka tayari, anataka yaishe.

"Hiyo si yako. Mpe Stara."

Nilidhani nimesikia vibaya. Watu wakageuka. Mazengo akanipisha. Nilipofika mbele yake Mwantum hakuonekana amekasirika, na afadhali angekasirika. Alikuwa ananitazama kama siku ile ya sinia.

"Nyuzi ulizijua?"

"Nilizijua."

"Zote?"

"Zote, dada."

Athuman nilimjua ni adui tangu harusi. Neno lake moja la uongo lisingesimama dakika mbili kama ningesema neno langu moja la kweli. Hasira yote niliyoibeba miezi hii, niliyowatukania wazee na wateja na majirani wa sahani, nilikuwa naitupa huku na huku ili isinirudie mwenyewe. Nikashika kipaza sauti. Kilikuwa kimelowa jasho la Athuman. Mwantum akabonyeza ile noti korofi, ya uzi mwekundu.

"Nyuzi ni zangu," nikasema. "Nilizitoa mimi. Nilijua, nikanyamaza."

Kinanda kikayachukua maneno yangu kikayatoa dirishani, kama watu ishirini kwa mpigo wakisema kwamba walijua, wakanyamaza. Watoto getini hawakuitikia. Mwantum akasikiliza, akazungusha skrubu kidogo.

"Rudia. Bado inatetemeka."

Nilirudia mara sita. Ya sita akaondoa mkono, akamwambia Shamila apashe nta iliyobaki kwenye kopo. Mimi bado nimesimama, sijui niende au nibaki.

"Mbona umesimama?" akaniuliza bila kuinua macho. "Nta itaganda. Kalete uzi."

Nikaenda nikaleta boksi zima.